Macho ya Mtoto na Lile Swali la Wanafunzi

Somo: Yohana 9:1-23. Soma pia Ezekieli 18 na Waamuzi 13.



Wanafunzi walipomwona yule mtu aliyezaliwa kipofu, hawakumuuliza Yesu kama anaweza kusaidiwa. Waliuliza kosa ni la nani, lake mwenyewe ama la wazazi wake. Na waliuliza hapo hapo mbele yake. Huyo mtu alikuwa kipofu, hakuwa kiziwi. Alisikia akijadiliwa kama kesi ya kortini.

Mahubiri mengi ya sura hii hupita hapo haraka. Yesu alisema si yeye wala si wazazi wake, amina, twende kwenye matope na birika la Siloamu. Lakini wiki hii nataka tukae kidogo na hilo swali, kwa sababu kuna watoto ambao likiulizwa juu yao, jibu linaonekana rahisi mno. Itakuwaje pale ambapo daktari mwenyewe anasema macho ya mtoto yana shida kwa sababu mama alikunywa pombe akiwa na mimba? Hapo kidole kina pahali pa kuelekea, na sayansi iko upande wetu. Je, tunyooshe?

Kwanza tuelewe jambo lenyewe, maana tunapenda kuhukumu kesi ambayo hatujasoma faili yake.

Pombe anayokunywa mama haibaki kwake. Inapita kwenye kondo la nyuma inaingia kwenye damu ya mtoto, na ini la mtoto bado ni changa, haliwezi kuivunja vile la mtu mzima linavyofanya. Mwaka 1968 daktari Mfaransa, Paul Lemoine wa mji wa Nantes, aliandika juu ya watoto 127 wa wazazi walevi ambao walifanana kwa sura na kwa shida zao, ingawa hawakuwa wa jamaa moja. Watu wachache sana walimsikiliza. Mwaka 1973 Kenneth Jones na David Smith wa Seattle, Marekani, waliandika juu ya watoto 8 wa mama walevi, na safari hii dunia ikasikia. Moja ya alama walizoziona iko machoni: ule mpasuko kati ya kope ya juu na ya chini ni mfupi kuliko kawaida.

Hiyo ni sura ya nje. Mambo mazito yako nyuma ya jicho. Kerstin Strömland, daktari wa macho wa Göteborg, Uswidi, alianza miaka ya 1980 kuwachunguza watoto hawa kwa makini. Karibu nusu yao walikuwa na neva ya jicho iliyo ndogo kuliko inavyotakiwa. Neva hiyo ndiyo waya unaobeba picha kutoka jichoni hadi kwenye ubongo. Kama waya ni mwembamba, picha inafika imepungua, hata kama jicho kwa nje linang'aa vizuri. Wengine mishipa ya damu ndani ya jicho imejipindapinda. Wengine wana makengeza, ama kope moja imelegea, ama hawaoni mbali, ama wanaona ubaoni maandishi yaliyovutika. Wachache huzaliwa na mtoto wa jicho, ama jicho lenyewe ni dogo.

Na haya yote yanaanza lini? Macho ya mtoto huanza kuumbika karibu na wiki ya nne baada ya mimba kutunga. Hebu hesabu. Wiki ya nne, mama wengi ndio wanaanza kushangaa mbona hawajaona siku zao. Wengine hata hawajashangaa. Kathleen Sulik, mtafiti wa North Carolina, alionyesha mwaka 1981 kwamba panya wajawazito wakipewa pombe siku moja tu, siku inayolingana na wiki ya tatu ya mimba ya binadamu, vijusi vyao vilikuwa na kasoro za macho na za uso. Siku moja, na kwa binadamu siku hiyo inapita kabla mtu hajajua ana mgeni tumboni.

Ngoja niweke tahadhari mbili hapa kabla mtu hajafunga gazeti na kuanza kuangalia watoto wa jirani.

Makengeza yana sababu nyingi. Mtoto anaweza kuyarithi, ama kuyapata kwa sababu anahitaji miwani, ama kwa kuzaliwa kabla ya siku zake. Kope kulegea vilevile, na mtoto wa jicho vilevile. Kuna wamama katika ushirika huu hawajawahi kuonja hata busaa ya harusi, na mtoto anavaa miwani. Kwa hivyo asitoke mtu hapa Jumapili akihesabu watoto wenye makengeza na kusema, “Aha, kumbe.” Huwezi kusoma maisha ya mama kwenye macho ya mtoto wake. Hata daktari hawezi kwa kuangalia macho peke yake.

Tahadhari ya pili: hii si ile shida ya watu wazima kupofuka baada ya kunywa pombe mbaya. Tunakumbuka kumi kumi ya mwaka 2000 kule Mukuru kwa Njenga, Nairobi, watu zaidi ya 100 wakafa na wengine wakabaki vipofu. Tunakumbuka Mei 2014, Embu, Kiambu, Kitui na kwingine. Ile ilikuwa methanoli, sumu inayochanganywa kwenye pombe. Watu wengi hudhani kwamba pombe “safi” yenye kibandiko cha serikali haina neno kwa mjamzito. Sivyo. Kinachomdhuru mtoto tumboni ni pombe yenyewe, iwe chang'aa, muratina, bia ya baridi ama waini ya hoteli kubwa. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiasi kinachojulikana kuwa salama kwa mjamzito.

Sasa turudi kwa swali.

Chukua wamama watatu. Wa kwanza ana miaka 22, alienda sherehe mbili tatu, wiki sita baadaye akapima akajua ana mimba, na tangu siku hiyo hajagusa glasi. Wa pili amekunywa kila siku kwa miaka saba. Mwili wake ukikosa pombe asubuhi mikono inatetemeka. Anajua ana mimba, analia usiku, na asubuhi anakunywa. Wa tatu aliambiwa na nesi wa kliniki wazi wazi, akacheka, akasema mama yake alikunywa na yeye alizaliwa mzima. Tuseme watoto wote watatu wana neva ndogo ya jicho. Mbele ya mashine ya daktari ni kitu kimoja. Mbele ya Mungu je?

Mimi sioni vile mtu anaweza kusema ni sawa. Wa kwanza hakujua. Kusababisha jambo na kuwa na hatia ya jambo ni vitu viwili, na hata Torati iliwatenga waliotenda bila kujua na waliotenda kwa mkono ulioinuliwa. Wa pili alijua lakini nguvu ya kuacha haikuwa mikononi mwake peke yake. Na hapa wacha niseme kitu cha kitabibu ambacho kanisa halisemi: mtu aliyekunywa sana kila siku kwa muda mrefu akikatiza ghafla anaweza kupata degedege na hata kufa. Huyo mama anahitaji maombi, ndiyo, na pia anahitaji hospitali siku hiyo hiyo. Ukimwambia “acha tu kwa imani” ukamrudisha nyumbani peke yake, kuna hatia nyingine imeanza, na hiyo si yake. Wa tatu, ndiyo, ana la kujibu. Sitajifanya kwamba hana.

Lakini angalia. Kati ya wote watatu hakuna aliyekunywa akiwa peke yake duniani. Kuna aliyemmiminia. Kuna mume aliyeleta chupa nyumbani akasema “hebu nisaidie kumaliza.” Kuna duka lililo hatua ishirini kutoka mlangoni.

Mfano mkubwa kuliko yote uko Afrika Kusini, kwenye mashamba ya mizabibu ya Western Cape. Kwa vizazi vingi wafanyakazi wa mashamba yale walilipwa sehemu ya ujira wao kwa waini. Mfumo huo waliuita dop. Ulipigwa marufuku kisheria miaka ya 1960 lakini uliendelea kimyakimya miaka mingi baadaye, na tabia iliyojengwa haikuondoka na sheria. Watafiti walipopima watoto wa darasa la kwanza katika mji wa Wellington, mwaka 1997, walipata zaidi ya watoto 40 katika kila 1,000 wana dalili kamili za madhara ya pombe ya tumboni. Ilikuwa idadi kubwa kuliko yote iliyokuwa imeandikwa duniani hadi wakati ule. Sasa simama mbele ya mtoto mmoja wa Wellington asiyeona ubao, uniulize swali la wanafunzi. Nani alitenda dhambi? Mama yake? Nyanya yake aliyelipwa kwa kikombe? Mwenye shamba? Yule aliyenunua chupa Ulaya kwa bei nzuri bila kuuliza imelimwaje?

Nilisomea biashara kabla ya kuitwa kwenye huduma, na mtanisamehe nikirudi huko. Kwenye sako, mtu akichukua mkopo huhitaji wadhamini. Mdhamini hakula pesa. Lakini mkopaji akishindwa, akiba ya mdhamini ndiyo inakatwa. Inauma, lakini angalau aliweka sahihi. Huyu mtoto ni mdhamini ambaye hakuweka sahihi pahali popote. Deni lilichukuliwa kabla hajawa na jina, na makato yanapita kwenye macho yake.

Ndipo naelewa Ezekieli 18. Watu wa wakati wake walikuwa na methali kwamba baba wanakula zabibu mbichi na meno ya watoto ndiyo yanatiwa ganzi. Mungu akawaambia hataki kuisikia tena katika Israeli. Wengine husoma hapo kana kwamba Mungu anakana kwamba matendo ya wazazi huwafikia watoto. Hapana. Yanawafikia, tunaona. Anachokana ni kwamba mtoto ana hatia. Madhara yanaweza kuvuka kutoka kwa mama hadi kwa mtoto. Hatia haivuki. Na ikiwa haivuki, basi hakuna sababu ya kumwita mtoto huyu “laana ya ukoo” na kumzungusha kutoka mkesha mmoja hadi mwingine akitolewa pepo la macho. Mimi naamini katika maombi ya kufunguliwa, mnanijua. Lakini neva ndogo ni neva ndogo. Mtoto akiwekewa mikono kichwani na kukemewa mwaka mzima, anachojifunza ni kwamba yeye ndiye tatizo.

Kuna wale watauliza, na swali lao ni la haki: “Pasta, ukipunguza lawama hivi, si wasichana wataona ni kawaida?” Jibu langu ni kwamba onyo na lawama hufanya kazi tofauti. Onyo linakuja kabla, na linamsaidia mtoto ambaye bado hajaumbwa macho. Lawama inakuja baada, na haiongezi hata uzi mmoja kwenye neva. Kwa hivyo onyo tulitoe kwa sauti kubwa. Tulitoe kwa vijana, kwenye mafunzo ya ndoa, kwa wanaume pia. Angalia Waamuzi 13: malaika alimwambia mke wa Manoa asinywe divai wala kileo, na alimwambia kabla hajashika mimba. Najua sababu pale ilikuwa unadhiri wa Samsoni, si somo la afya, na sitaki kulazimisha maandiko. Lakini utaratibu ule ni mzuri: neno lilifika kabla ya mimba. Sisi tunangoja hadi tumbo lionekane ndipo tunaanza kuangalia mtu amebeba nini kwenye mfuko wa karatasi. Na kama mimba tayari iko, onyo bado lina faida. Macho na ubongo vinaendelea kukua hadi mwisho, kwa hivyo kuacha mwezi wa tano ni bora kuliko kutoacha.

Lawama yenyewe ina gharama, na hapa ndipo Yohana 9 ilinishangaza nilipoisoma tena. Endelea hadi mstari wa 20. Wazazi wa yule kijana wanaitwa na kuulizwa: huyu ni mtoto wenu? Alizaliwa kipofu? Sasa anaonaje? Wanakubali ni wao, wanakubali alizaliwa hivyo, halafu wanarudi nyuma. Muulizeni mwenyewe, ni mtu mzima. Kwa nini? Yohana anatuambia waziwazi: waliogopa kutengwa na sinagogi. Waliogopa washirika wenzao. Mzazi alinyamaza juu ya macho ya mtoto wake mwenyewe kwa sababu ya kuogopa watu wa nyumba ya ibada.

Hiyo inatokea hata leo. Mama yuko kwenye chumba cha daktari na mtoto wa miaka mitatu. Daktari anauliza, “Wakati wa mimba ulitumia dawa yoyote, pombe, sigara?” Kwenye benchi nje ameketi dada wa ushirika aliyemsindikiza. Mama anasema hapana. Daktari anaandika hapana. Labda anapima makengeza peke yake, anaagiza miwani, wanaenda. Hakuna aliyemwelekeza mtoto apimwe neva, masikio, moyo, ama vile anavyojifunza, ambavyo pombe ya tumboni huweza kugusa vyote. Miaka minne baadaye mwalimu anasema huyu ni mzito, anacharazwa kwa kutonakili ubao. Uongo huo mmoja, nani aliulipia? Mtoto tena. Na ulinunuliwa kwa hofu ambayo sisi tuliitengeneza.

Muda nao hautungoji. Jicho lenye makengeza lisiposhughulikiwa, ubongo unaamua kulipuuza na kutumia lile lingine. Jicho linakuwa vivu. Dawa yake si ngumu: miwani sawa, na kuziba lile jicho zuri kwa saa kadhaa kila siku ili lile vivu lilazimike kufanya kazi. Lakini inafanya kazi vizuri zaidi mtoto akiwa mdogo, kabla ya miaka saba ama nane hivi. Mtoto wa jicho kwa mchanga unahitaji upasuaji katika wiki za kwanza, si miaka. Neva ndogo haiwezi kukuzwa, hakuna daktari ataahidi hiyo. Hata hivyo mtoto mwenye neva ndogo anaweza kuwa pia anahitaji miwani ambayo hakuna aliyempa, na akivaa anaona kuliko jana. Kuketi dawati la mbele hakugharimu shilingi.

Kwa hivyo tafadhali, usimwambie mtoto avue miwani “kwa imani.” Yesu alitema mate, akatengeneza tope, akamtuma mtu kunawa. Alienda Siloamu akiwa bado haoni, akipapasa njia. Sioni dharau yoyote kwa uponyaji kwenye kitu ambacho Bwana mwenyewe alitumia mkononi.

Na kazi hii haihitaji wataalamu peke yao. Kule Trans Nzoia, karibu na Kitale, walimu wa shule walifundishwa kupima macho ya wanafunzi kwa programu ya simu inayoitwa Peek. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 ulihusu watoto takriban 20,000 katika shule 50. Kilichonivutia si simu, ni kile kilichofuata. Pale ambapo wazazi walitumiwa ujumbe wa kukumbushwa na mtoto kuonyeshwa mzazi vile anavyoona, asilimia 54 ya watoto waliotumwa hospitali walifika. Pale walipopewa barua tu kama kawaida, ni asilimia 22. Tofauti hiyo yote ni ufuatiliaji. Kanisa lenye vikundi vya nyumbani kila mtaa linajua kufuatilia watu. Hutufuata hadi kwa ahadi za ujenzi.

Mzazi mwenye mtoto mdogo, fungua kile kijitabu cha kliniki cha mama na mtoto. Kina sehemu ya macho. Angalia kama mboni ina weupe, kama mtoto anafuata kitu kwa macho, kama macho yote mawili yanaelekea pamoja. Kama kuna shaka, usingoje mkutano wa uponyaji wa Agosti. Kikuyu kuna hospitali ya macho, Sabatia kuna nyingine, na hospitali ya kaunti itakuelekeza. Na ukiulizwa kuhusu pombe, sema ukweli wote, kiasi na miezi. Kama unaogopa dada wa kwenye benchi, mwambie abaki nyumbani. Kama unaogopa mchungaji, niambie mimi, nitakusindikiza na nitaketi nje.

Limebaki moja ambalo nimelifikiria sana. Yule mama aliyeokoka, amepewa ushuhuda, ameimba kwamba yote ya kale yamepita. Na ni kweli, hatia yake imefutwa. Halafu anafika nyumbani, na mtoto anashika kitabu sentimita tano kutoka usoni. Msamaha haukurudisha neva. Sisi kwenye madhabahu tunapenda ushuhuda uliomalizika, kwa hivyo huyu mama anajifunza kusimulia nusu moja na kuficha nyingine. Nafikiri tumwachie nafasi ya kusema zote mbili, kwamba amesamehewa na kwamba kila asubuhi bado anamfunga mtoto kitambaa jichoni.

Na siku mtoto atakapofika miaka 14 ama 15 aulize mwenyewe, “Mama, kwa nini macho yangu yako hivi?”, atajibu nini? Kuna watakaoshauri anyamaze, mtoto atamchukia. Mimi nadhani mtoto ana haki ya kujua, kwanza kwa sababu ni mwili wake, pili kwa sababu siku moja ataoa ama kuolewa na pombe itawekwa mezani. Amwambie kwa maneno machache, bila kujitetea na bila kujipiga. Kwamba alikunywa, kwamba pombe iligusa macho yake kabla hajazaliwa, kwamba yeye mtoto hakufanya lolote. Anaweza kukasirika, na amwache akasirike. Halafu wakae pamoja jioni hiyo.